Kumpata Gengar: mwongozo kamili wa mzuka asiyekomaa mpaka atoke mkononi mwako

Katika gemu za kwanza za Pokémon, zilizotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya kifaa cha Game Boy, wamo viumbe 151 wa kukusanya, na wengi wao mtu mwenye subira anaweza kuwapata akiwa peke yake chumbani. Gengar si mmoja wa hao. Unaweza kumkamata mzuka mdogo aitwaye Gastly, ukamlea mpaka akageuka kuwa Haunter, na ukamkweza hadi kiwango cha 100 ambacho ndicho mwisho wa ngazi, na bado atabaki kuwa Haunter, kwa sababu kinachomkomaza si mapigano bali ni kutoka mkononi mwako na kupokelewa na mtu mwingine kwa waya. Ndiyo maana hapa Tanga nimekutana na wachezaji wazuri, waliomaliza gemu mara tatu au nne, ambao Gengar wanamjua kwa kumwona kwa maadui tu.

Mwongozo huu unahusu hasa kaseti za Red, Blue na Yellow, kwa kuwa ndizo zinazozunguka zaidi kati ya watu ninaowafahamu, nyingi zikiwa zimeletwa na ndugu waliokuwa Arabuni au kununuliwa pamoja na bidhaa za mitumba. Mwishoni nitagusia gemu za baadaye na ile ya kwenye simu, ambako mambo yanakwenda tofauti kidogo.

Mjue kwanza unayemtafuta

Gastly ni donge la gesi lenye macho makubwa, urefu wake mita 1.3 na uzito wake gramu 100 tu. Haunter ni kichwa kilichochongoka chenye mikono miwili inayoelea mbali na mwili, na uzito wake ni gramu 100 vilevile. Gengar ndiye mwenye umbo la kushikika: mnene, miguu mifupi, masikio ya ncha, kicheko cha meno yote, na kilo 40.5 katika kimo cha mita 1.5, maana yake ni mfupi kuliko Haunter lakini mzito mara mia nne na zaidi.

Ukorofi wake si wa kubuniwa na mashabiki, bali umeandikwa katika Pokédex, lile daftari la viumbe ambalo mchezaji hukabidhiwa mwanzoni mwa safari. Huko inaelezwa kwamba usiku wa mwezi mpevu Gengar hupenda kujifanya kivuli cha mtu, kisha hucheka mtu huyo anapoogopa. Kuhusu Gastly, maelezo ya gemu zilizofuata yanasema kuwa upepo mkali humpunguza mwili, na kwa hiyo wenziwe hujikusanya chini ya mapaa ya nyumba kuukwepa. Mtoto aliyelelewa katika nyumba za Ngamiani, aliyewahi kukatazwa kupiga mluzi usiku na kusimuliwa habari za mizimu ya mapango ya Amboni kabla hajajua kusoma, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Tofauti ni kwamba kinyamkera wetu huja na kimbunga cha vumbi, ilhali huyu upepo ndio adui yake. Na tena wetu hupungwa, huyu hufugwa.

Jambo la kiufundi la kushika mapema ni kwamba ukoo huu wote una aina mbili kwa pamoja, Ghost na Poison, yaani mzuka na sumu. Mashambulizi ya aina ya Normal na Fighting hayamgusi hata kidogo. Mashambulizi ya Psychic, ya Ground na ya mizuka wenzake humuumiza mara mbili. Utayahitaji maarifa haya wakati wa kumkamata, si wakati wa kumtumia tu.

Vifaa, na onyo kuhusu kaseti za Kijapani

Unahitaji Game Boy mbili, kaseti mbili, na waya wa kuziunganisha. Kaseti hazilazimiki kufanana: Red huungana na Blue au Yellow bila matatizo. Kinacholazimika kufanana ni lugha. Soko letu la mitumba hupokea vitu vingi kutoka Japani, na kaseti za huko ni nzuri kwa sura na mara nyingi ni za bei nafuu, lakini kaseti ya Kijapani haipaswi kuunganishwa na ya Kiingereza, kwa kuwa namna zinavyohifadhi majina na taarifa za viumbe haifanani, na ukizilazimisha zitavurugiana kumbukumbu. Nililijua hili kwa hasara. Muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba "Pokémon ni Pokémon", nami nikamwamini. Nilipowasha kaseti yangu baada ya jaribio hilo, saa zaidi ya sitini za kazi zilikuwa zimegeuka kuwa herufi na vipande vya picha visivyosomeka.

Kuhusu waya, chunguza tundu kabla ya kulipa. Game Boy ya kwanza kabisa, ile nene ya kijivu inayotumia betri nne za AA, ina tundu kubwa kuliko lile la Game Boy Pocket na Game Boy Color. Zipo waya zenye ncha za aina zote mbili, na hizo ndizo ninazozipendekeza, maana hujui mwenzako atakuja na kifaa gani.

Hewa ya bahari nayo ina ushuru wake. Nyumba zilizo karibu na pwani, kuanzia Raskazone hadi kule Chumbageni, hupata chumvi inayokula vyuma vidogo, na mguso wa kaseti ukishashika kutu, gemu huwaka siku mbili na kukataa siku ya tatu. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate huongeza unyevu. Chovya kijiti cha pamba katika spiriti, pangusa mguso taratibu, kisha acha ukauke kabisa. Angalia pia kama gemu inatunza kumbukumbu: hifadhi mchezo, zima, subiri hadi kesho yake, washa. Ndani ya kaseti kuna betri ndogo bapa inayoshikilia kumbukumbu, na ikiwa imekufa, kila utakachokifanya kitafutika ukizima kifaa. Fundi simu yeyote mwenye kisu cha kulehemu anaweza kuibadilisha, ila ujue kwamba akiitoa, kilichokuwamo kinapotea.

Kupata Silph Scope

Makazi ya Gastly ni Pokémon Tower, mnara wa makaburi wa ghorofa saba ulio katika mji wa Lavender. Ukiingia humo bila matayarisho utakutana na mizuka, lakini skrini itaonyesha kivuli kisicho na jina, kiumbe wako ataogopa hata asiweze kupigana, na mpira wa kukamatia utakaourusha utakwepwa. Wachezaji wengi wachanga hufikiri kaseti imeharibika. Haijaharibika; wanachokosa ni kifaa kiitwacho Silph Scope, ambacho huuvua mzuka kificho chake.

Kifaa hicho kipo Celadon. Toka Lavender kuelekea magharibi kwa Njia ya 8, pita njia ya chini ya ardhi, nawe utatokea karibu na mji huo. Nenda kwenye ukumbi wa michezo ya bahati nasibu, umtafute mtu wa genge la Rocket aliyesimama mbele ya bango ukutani, umshinde, kisha ulikague bango lenyewe. Nyuma yake kuna swichi inayofungua ngazi za kwenda chini.

Chini huko kuna sakafu zenye mishale inayokuzungusha na kukutupa usikokusudia, na ushauri wangu ni kwamba usikimbilie, bali usimame kabla ya kila mshale na uufuate kwa macho hadi mwisho wake. Ghorofa ya mwisho, ambayo ni ya nne kwa kushuka, yumo mlinzi ambaye ukimshinda na kuzungumza naye tena ataangusha ufunguo wa lifti. Lifti ndiyo itakayokufikisha upande alipo Giovanni, mkuu wa genge. Katika Red na Blue ana Onix wa kiwango cha 25, Rhyhorn wa 24 na Kangaskhan wa 29, na kiumbe mmoja wa maji aliyelelewa vizuri huwamaliza wawili wa kwanza bila jasho. Akishindwa, Giovanni huondoka na kuiacha Silph Scope sakafuni. Usiisahau, nimewahi kumwona kijana akitoka kwa furaha ya ushindi, akarudi Lavender kwa miguu, na kugundua mbele ya mnara kwamba mkoba wake hauna kitu.

Kumkamata Gastly mnarani

Nunua mipira ya kukamatia kabla ya kupanda. Gastly si mgumu kukamatwa. Katika hesabu za gemu, ambazo kiwango chake cha juu kabisa cha urahisi ni 255, yeye amepewa 190, Haunter 90, na Gengar 45. Mipira ya kawaida kumi na mitano inatosha kabisa, ingawa Great Ball, mipira yenye nguvu zaidi, mbili tatu hazina ubaya ukitokea kukutana na Haunter.

Ghorofa ya kwanza haina viumbe wa porini, na ya pili utakutana na mpinzani wako, ambaye hatakupisha bila pambano. Kuanzia ghorofa ya tatu ndipo mizuka ilipo, na wengi mno wa utakaokutana nao ni Gastly, mara mojamoja akijichomeka Cubone. Hapa ndipo maarifa ya aina yanapofanya kazi. Mchezaji aliyezoea kudhoofisha kiumbe kwa Tackle au Quick Attack atashangaa kuona nguvu ya Gastly haipungui, kwa sababu hayo ni mashambulizi ya aina ya Normal. Hata Bite, ambalo katika gemu za baadaye lilihamishiwa aina nyingine, katika kaseti hizi bado ni la Normal na halimgusi. Tumia shambulio la wastani la maji, moto au umeme, lenye nguvu ya kumpunguza bila kumzimisha. Dig ni kosa, kwa kuwa ni la Ground na linaweza kumwangusha papo hapo. Katika gemu hizi mizuka bado haikuwa na uwezo wa kuelea unaoyazuia mashambulizi ya ardhini. Ukiwa na kiumbe wa kulaza au wa kupoozesha, mtangulize yeye, maana aliyelala hukamatika kwa urahisi zaidi kuliko aliyepooza, na aliyepooza kuliko aliye mzima.

Yeye naye atajibu. Confuse Ray itamchanganya kiumbe wako hata ajipige mwenyewe, na Night Shade humtoa mtu nguvu sawasawa na kiwango cha anayelitumia, kwa hiyo Gastly wa kiwango cha 22 atakutoa 22 kila anapolifanikisha, uwe na ngao nene kiasi gani. Ukichoka, panda hadi ghorofa ya tano, ambako pana eneo lililotakaswa. Ukilikanyaga, kikosi chako chote hupona. Mimi hufanya makao yangu hapo: nakamata, narudi kwenye eneo takatifu, natoka tena. Mzuka wa ghorofa ya sita unaoziba ngazi usihangaike kumrushia mipira, kwa kuwa ni Marowak aliyekufa na hakamatiki. Mshinde tu, apumzike.

Kamata Gastly wawili, si mmoja. Sababu utaiona mbele.

Kumlea mpaka awe Haunter

Gastly hugeuka kuwa Haunter anapofika kiwango cha 25. Hapo pana uamuzi mdogo ambao wengi hawaujui. Akiwa bado Gastly, atajifunza Hypnosis, shambulio la kumlaza adui, katika kiwango cha 27 na Dream Eater, la kumla aliyelala, katika kiwango cha 35. Akishakuwa Haunter, atasubiri hadi 29 kwa la kwanza na 38 kwa la pili. Ukibonyeza B wakati picha yake inapoanza kumetameta, utauzuia mgeuko, nao utajaribiwa tena kila anapopanda kiwango.

Ninavyoona mimi, kuzuia hadi 27 kuna faida, kwa kuwa Hypnosis ndiyo uti wa mgongo wa kiumbe huyu na viwango viwili si vichache katika hatua hiyo ya mchezo. Kuzuia hadi 35 ni kujitesa. Gastly ana mwili mwepesi mno, kila shambulio linalompata linakaribia kumwangusha, na Dream Eater unaweza kuipata kwa njia nyingine: katika mji wa Viridian, kwenye eneo linalofikiwa kwa kukata mti au kwa kuogelea, yupo mtu aliyesinzia juani ambaye hutoa TM42, yaani mashine ya kulifundisha shambulio hilohilo.

Wakati wa kumlea, mtangulize mbele kwenye kikosi kisha mbadilishe mara pambano linapoanza, ili apate fungu lake la ujuzi bila kupigwa. Wapinzani wanaomfaa kupigana nao mwenyewe ni wale wanaotegemea mashambulizi ya Normal peke yake, kwa mfano Rattata na Pidgey wenye viwango vya chini. Watahangaika mbele yake kama mtu anayepiga moshi kwa fimbo. Lick, shambulio lake la aina ya Ghost, nayo haitawagusa viumbe wa Normal, lakini Night Shade katika kaseti hizi huwapata.

Kubadilishana: hatua inayohitaji mtu

Mwenzako wa kubadilishana ni sehemu ya vifaa, na ni sehemu ngumu kuliko waya. Haunter akishapita upande wa pili na kugeuka kuwa Gengar, anakuwa mali ya kaseti ya mwenzako kabisa, wala hakuna kitufe cha kumrudisha kwa nguvu. Anakaa kule kama amana, na atarudi iwapo tu aliyeipokea atakubali kuirudisha. Kwa hiyo chagua mtu kama unavyochagua wa kumwachia funguo za nyumba.

Mimi hubadilishana na mpwa wangu. Mara ya kwanza tulikaa barazani baada ya isha, umeme umekatika mtaa mzima, Game Boy mbili zikiwa juu ya mkeka na waya katikati, na mtoto huyo, ambaye Haunter wake alikuwa amemlea mwezi mzima, aliushikilia waya bila kubonyeza chochote.

"Mjomba," akasema, "na usiponirudishia?"

"Mwambie mama yako."

Akafikiri kidogo. "Mama atasema ni gemu tu."

Nikaona ana hoja. Nikamwahidi kwamba kaseti yangu ataishika yeye mkononi tukishamaliza, hadi Gengar wake atakaporudi, na hapo ndipo alipokubali. Ninausimulia mkasa huu kwa kuwa utaratibu huo tumeuendeleza hadi leo na umetuepushia ugomvi mwingi: anayepokea ndiye anayeweka rehani.

Utaratibu wenyewe ni huu. Zima vifaa vyote viwili, chomeka waya, kisha washa. Kila mmoja aingie kituo chochote cha kuponyea viumbe na azungumze na mhudumu wa upande wa kulia wa kaunta, ambaye atataka kuhifadhi mchezo kabla ya kufungua mawasiliano. Chagueni chumba cha kubadilishana, ingieni, na kila mmoja akae upande wake wa meza. Orodha za vikosi viwili zitaonekana. Wewe chagua Haunter, naye achague yule mtakayemtumia kama mshika nafasi, na hapa ndipo Gastly wa pili anapofaa, kwani mwenzako akiwa amepewa mmoja kabla, ana kitu cha kutoa kisichomuuma.

Wakati picha ya kiumbe inapita kwenye waya, na hadi ujumbe wa mwisho utakapotoka, msiuguse waya wala vifaa. Waya ukichomoka au betri zikiisha katikati ya kuhifadhi, kiumbe anaweza kutoweka pande zote mbili. Weka betri mpya. Taa nyekundu iliyofifia ni sababu tosha ya kuahirisha hadi kesho. Na kama mwatumia kifaa cha kuchomeka ukutani, basi mnajua wenyewe hali ya umeme wetu.

Haunter akipokelewa, atageuka mbele ya macho ya mwenzako, si yako. Mpe muda amtazame. Daftari lake la Pokédex nalo litamwandika Gengar, na huo ndio ujira wake, hahitaji zaidi. Kisha rudieni hatua zilezile kwa kinyume: yeye atoe Gengar, wewe urudishe mshika nafasi. Akisharudi kwako atakutii kama zamani, kwa kuwa jina la mmiliki wa kwanza ni lako. Mwenzako akimbakiza kwake kwa makubaliano, atapata ujuzi kwa kasi ya mara moja na nusu, lakini ajihadhari: kiumbe wa mtu mwingine hutii kwa kadiri ya beji ambazo mchezaji amezishinda kwa viongozi wa kumbi za mapambano, ambapo beji ya Cascade humfanya atii hadi kiwango cha 30, ya Rainbow hadi 50, ya Marsh hadi 70, na ya Earth bila kikomo.

Nini cha kumfundisha

Gengar ana kasi ya 110 na nguvu maalumu ya 130, lakini uhai na ulinzi wake ni 60 kila kimoja. Hizo ni tarakimu za anayepiga kwanza na kuondoka, si za anayesimama kupokea. Mfundishe kwa mtazamo huo.

Hypnosis lazima iwepo. Hupata shabaha mara sita katika kila kumi, kwa hiyo itakuangusha wakati mwingine, lakini adui aliyelala katika kaseti hizi anaweza kulala hadi raundi saba, na hata raundi anayoamka humpotea. Thunderbolt, ambayo ni TM24 unayopewa na Lt. Surge, kiongozi wa ukumbi wa mapambano wa mji wa Vermilion, ukimshinda, ndiyo ninayoipa nafasi ya pili, kwani viumbe wa maji na wa kuruka ni wengi kila mahali. Ikumbukwe kuwa mashine hizi hutumika mara moja tu. Nafasi ya tatu naigawa kati ya Night Shade, ya uhakika, na Dream Eater, inayomla adui aliyelala na kumrudishia Gengar nusu ya alichokitoa. Ya nne huwa TM29, yaani Psychic, inayotolewa na mtu mmoja nyumbani kwake katika mji wa Saffron, ingawa mpwa wangu hupendelea kumlipua kwa Explosion na hatusikilizani katika hilo.

Lick yenyewe ifutwe bila huruma. Ndilo shambulio pekee la Ghost lenye nguvu ya kuhesabika katika kizazi hiki, na nguvu hiyo ni 20.

Lipo pia kosa la watengenezaji linalopaswa kujulikana. Ilikusudiwa mizuka iwe kiboko cha viumbe wa Psychic, lakini katika kaseti hizi shambulio la Ghost kwa kiumbe wa Psychic halina athari yoyote, na kosa hilo lilirekebishwa katika Gold na Silver mwaka 1999. Anayempeleka Gengar kwa Sabrina, kiongozi wa ukumbi wa Saffron mwenye viumbe wa Psychic, akitegemea Lick atarudi amebeba kikosi kilichozimia, kwa sababu upande wa sumu wa Gengar humfanya aumizwe vibaya na Alakazam wake. Kazi inayomfaa ni kuingia wakati adui anapotarajiwa kutumia Body Slam, Hyper Beam au Explosion, mashambulizi ya Normal, ayapokee bila kuguswa, kisha amlaze. Tauros, fahali wa aina ya Normal, akiwa mjinga mbele yake ni kitoweo. Tauros mwenye Earthquake, shambulio la Ground, si kitoweo. Kwa bibi Agatha, mmoja wa wale wapinzani wanne wakuu wa mwisho wa gemu, mwenye Gengar wawili, wa kiwango cha 56 na wa 60, usimtangulize wako kama hana kasi ya kuwazidi, maana anayelaza kwanza ndiye anayeshinda.

Gemu za baadaye na simu

Katika Gold na Silver, Gastly hutoka usiku tu, kwa mfano katika Sprout Tower, na saa ya kaseti hufuata saa halisi. Anayelala mapema hatamwona. Kuanzia Sun na Moon za mwaka 2016, Gengar alipoteza ule uwezo wa kuelea aliopewa katikati, kwa hiyo mashambulizi ya ardhini yanampata tena. Katika Legends: Arceus ya 2022, ipo kamba maalumu ya kumgeuza Haunter bila mtu wa pili. Ni nafuu kwa mchezaji mpweke, sikatai, ila mimi siipendi.

Kwa Pokémon GO, ambayo simu nyingi za hapa mjini zinaiendesha bila shida, Gastly hugeuka kuwa Haunter kwa peremende 25 na Haunter kuwa Gengar kwa peremende 100. Kukusanya mia si mchezo, hasa ukizingatia kwamba mizuka huongezeka nguvu wakati wa ukungu, nasi ukungu hatuna. Labda mtu apande Lushoto. Lakini Haunter aliyepatikana kwa kubadilishana hugeuka bure. Sharti ni kwamba mwe marafiki ndani ya gemu na, kwa kawaida, muwe umbali usiozidi mita 100, jambo ambalo mtu na jirani yake wanaweza kulitimiza kila mmoja akiwa barazani kwake. Usitoe Haunter wako bora, kwa sababu ubora wa ndani wa kiumbe hupangwa upya kwa bahati nasibu anapohama.

Tena huku hakuna kurudishiana, kwa kuwa aliyekwisha kubadilishwa mara moja habadilishwi tena. Kwa hiyo kila mmoja atoe Haunter wake na apokee wa mwenzake kwa wakati mmoja, kisha mfungue kurasa za wale mliowapokea: penye kitufe cha kumgeuza, palipokuwa pakidai peremende 100, kila mmoja wenu ataona sifuri.